Mwanamke wa Chumbani kwa Katuni

Habari ya siku ile ililetwa na Redio, ambaye chumba chake na cha Katuni vinatenganishwa na ukuta mmoja mwembamba. Alifika kwenye benchi la Fundi Viatu, akavuta pumzi, akaimwaga.

"Katuni ana mwanamke ndani. Nimewasikia wakigombana. Mwanamke anasema, 'Watoto saba nalea peke yangu, wewe kazi yako kupiga kelele alfajiri.'"

Fundi akaacha sindano ndani ya soli. "Watoto saba? Huyo hata ndevu bado anazibembeleza."

Aliyekosa kucheka ni Kinyozi. Katuni alikuwa amemposa dada yake, na Jumapili wazee walikuwa wakutane.

Mara Katuni akatokea, macho mekundu kama pilipili, akatafuta pa kukaa. Hakuna aliyempisha.

"Shemeji," Kinyozi akasema, "au nisikuite hivyo tena?"

Alipoelezwa, Katuni alishika kichwa. "Jamani, ile ni filamu yangu ya katuni. Fupi tu, ya jogoo na mkewe. Nachora mwenyewe, picha moja moja. Mpaka jogoo ageuze shingo, mimi mkono umekufa ganzi. Na sauti zote zangu. Jogoo ni mimi, kuku ni mimi, hata upepo ni mimi."

"Si ungetafuta mwanamke akusemee?" Fundi akauliza.

"Nikiwa peke yangu nimeshazaa saba. Ningemwita mwanamke kweli, mngenipa wangapi?"

Redio akatikisa kichwa. "Ile ni sauti ya mke kabisa. Mwanamume hajui kulalamika vile."

"Akipakana na wewe atajua," Katuni akamjibu.

Kinyozi akampigia dada yake, akaiweka simu benchini, spika wazi. "Haya, sema asikie mwenyewe. Maji ukiyavulia nguo, yaoge."

Katuni akakohoa, akaweka mkono kiunoni. "Watoto saba nalea peke yangu..." Ilitoka nyororo, imejaa uchungu, hata Fundi akageuka kuangalia nyuma yake.

Kwenye simu dada akauliza, "Kaka, huyo mama wa watu ni nani?"

"Ni mimi," Katuni akajibu kwa sauti yake.

"Sasa mbona unamnyang'anya simu hajamaliza?"

Redio akapiga paja. Katuni akainamia simu. "Wallahi nakuapia, ni kuku..."

Upande wa pili kicheko kikapasuka.

"Jumapili njoo na wazee wako," dada akasema. "Mwenzio abaki na watoto."