Karani Aliyekata Mkia wa Ngoma

Leo nimekula matanga yangu mwenyewe. Nikiwa mzima, nimevaa kanzu safi, nimesimama kwa miguu yangu miwili.

Ninyi wa barazani Kasongo, nawaandikia sasa hivi, aibu ikiwa bado ya moto. Mmoja asome, wengine wasikilize, na anayetaka kucheka atoke nje kwanza.

Mnakumbuka nilivyowaaga. Nilisema mimi mtoto wa pwani nimefanya kazi na watu wa kila kabila, hakuna nisiyeweza kukaa naye. (Kukaa nao kweli nimekaa. Kuwasikiliza ndiyo kazi niliyokuwa sijaianza.) Bwana Nasoro, mwenye mpunga, akanileta hapa Kindu niwe karani wa kivuko, akaniahidi kwamba siku akiridhika atanifanya mkubwa wake. Mkubwa wa kivuko! Cheo hicho nimekitamka mbele ya kioo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri.

Leo ndiyo siku aliyokuja kunitazama.

Asubuhi makanda ya mpunga yalikuwa yamepangwa ukingoni, upande wetu. Wachukuzi wa kuupeleka Pangi walikuwa wakingoja ng'ambo, Alunguli. Mitumbwi nayo ilikuwa huko huko ng'ambo, kwa Wagenya, maana mto huu ni wao na makasia ni yao. Na upande wa juu wa mto wingu jeusi lilikuwa limeketi. Mpunga ukilowa kwenye makanda unaota, na karani wake naye ameota. Kwa hiyo nilitakiwa jambo moja tu: mitumbwi kumi ifike kabla ya mvua.

Mto ni mpana, huiti mtu kwa mdomo ukasikika. Mitumbwi huitwa kwa ngoma ya gogo, ile isiyo na ngozi, iliyochimbwa ndani, yenye sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Mpigaji wetu ni Kalonda, Mgenya mtu mzima, mpole, asiyeharakishwa na kitu. Miezi minne nimefanya naye kazi na ugomvi wetu ni mmoja: anarefusha. Ukimwambia aite mtumbwi, ngoma haisemi mtumbwi. Inasema gogo lililotoka msituni likajifunza kuogelea. Mimi nami siitwi karani. Ngoma inaniita mgeni wa karatasi ambaye miguu yake inaogopa maji. (Niliteleza mara moja. Moja tu! Lakini walikuwepo wote.)

Sasa jina hilo lipigwe mbele ya tajiri? Nikaona hapana. Nikamwambia Kalonda leo apige maneno matatu matupu: mtumbwi, karani, upesi. Mikia yote akate.

Kalonda akashusha vijiti vyake. "Karani, ukikata mukia ya neno, neno inapotea."

Nikamjibu kwamba kwetu mwenye akili husema machache. Bwana Nasoro akatikisa kichwa kukubali. (Bwana Nasoro huyu huyu, ambaye akikusimulia ndoto yake unaanza kusikiliza magharibi unaamka isha.) Nikazidi kuvimba. Kalonda akaniomba tena nimwachie apige kama inavyopigwa, nami nikamwambia tena akate.

"Minakuambia mara mbili," akasema. "Ya tatu hapana. Kwetu mutu mukubwa haambiwi mara tatu. Weye njo mukubwa."

Nikadhani amenisifu kwamba mimi ndiye mkubwa. Nikamwambia apige, akapiga, na ngoma ikanyamaza kabla sijamaliza kupangusa jasho. Kazi safi kabisa.

Ng'ambo wakajibu, na jibu lao lilikuwa refu mno hata nikamkonyeza Bwana Nasoro, kama kusema, unawaona? Kalonda akavua kofia yake ya ngozi akaishika mkononi. Nikamuuliza wamesemaje. Akasema wanakuja. Nikauliza, wangapi? Akasema wote.

"Umeona, bwana?" nikamwambia tajiri wangu. "Watu hawa ukishajua namna ya kwenda nao, hawana taabu." Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu ninaolia wali.

Mitumbwi ikatokea. Nikahesabu hadi kumi, ikapita kumi. Ikafika ishirini na tatu. Bwana Nasoro akanipiga begani akaniita mkubwa wa kivuko, kwa sauti, watu wakasikia. Siku zote Wagenya hupiga kasia kwa wimbo. Leo hawakuimba, nikajua ni adabu kwa tajiri. Walipokaribia, ndipo nikasikia kilio. Wanawake walikuwa wamejipaka udongo mweupe usoni. Kwenye mtumbwi wa mbele alikaa Mama Mangaza, mwenye mitumbwi, ambaye wapiga kasia wote humsikiliza kuliko wanavyoisikiliza radi. Kando yake palikuwa na jamvi jipya lililokunjwa. Urefu wake ulikuwa kama wangu.

Nikamuuliza Kalonda nani amekufa.

"Weye."

Akanieleza polepole, kama kawaida yake. Kwa lugha yao mtumbwi ni neno moja na maiti ni neno jingine, lakini kwenye gogo yote mawili ni juu, chini, basi. Mkia ndio unaoyatenga. Bila mkia, mimi mwenyewe nilikuwa nimetangaza: maiti, karani, njooni upesi.

Mama Mangaza akashuka, kichwa ameinamisha, hajaniona. Kwa Wagenya marehemu husemwa alivyokuwa, hafichiwi kitu. Na kwa hisani yake akaomboleza kwa Kiswahili, ili mimi mgeni nielewe vizuri huko nilikokwenda. (Bwana Nasoro naye akaelewa vizuri.)

"Mugeni ya karatasi, umetuacha. Miezi ine unatuita weye, weye. Majina yetu hukuyajua. Samaki yetu ulikula, pua umeziba. Lakini uko mutoto ya mutu, na mama yako iko mbali, hajui. Nani atakulilia? Njo maana tumekuja sisi."

Jamani, nilitaka ardhi ipasuke. Niliona haya ya kweli, siyo ya mzaha. Kwa ajili ya mpunga wangeleta kumi, tena kwa kuombwa. Kwa ajili yangu, mtu asiyejua jina la hata mmoja wao, walileta kila kinachoelea.

Akainua kichwa. Akaniona. Na mimi, kati ya yote ambayo mtu angeweza kufanya, nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

Akaja akanibana pua kwa vidole viwili, akangoja. "Iko anapumua," akawaambia wenzake, bila ile furaha niliyoitarajia.

Maana kilio kikishaanza hakirudishwi nyumbani kikiwa na njaa. Matanga lazima yaliwe, maiti awepo asiwepo. Wingu nalo lilikuwa limetufikia kichwani. Bwana Nasoro akatazama huku na huku, hakunitazama mimi, akamwomba Kalonda aseme nao. Kalonda akasema, kwa mikia yote, na wakapatana: mpunga uvuke kwanza, kisha makanda manne yapikwe. Mitumbwi ishirini na tatu, mzigo ukavuka kwa safari moja. Jamvi langu la kuzikiwa likafunika makanda ya mwisho. Mvua ilipoanguka hapakuwa na punje iliyolowa.

Tukala Alunguli. Wali wa matanga yangu ulikuwa mzuri, nilirudia. Tulipokuwa tukinawa, Bwana Nasoro akatangaza mkubwa wa kivuko. Kalonda. Mimi nimebaki karani wake, na tangu adhuhuri nimeshaandika majina kumi na saba ya wapiga kasia, kila jina na mkia wake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu zima, yaliyovunjika ni mengine.

Kazi ya kwanza ya mkubwa mpya ilikuwa kuirudisha ile habari ya kifo, maana vijiji vya juu na vya chini vilikuwa vimeshaipokea. Alipiga hadi mikono ikamtoka jasho. Nikamuuliza, kwa adabu, anasema nini.

"Karani hakufa," akasema. "Ni akili yake tu njo ilikuwa imelala."

Basi ndugu zangu, msinicheke. Ingawa najua barua hii itawakuta mmeshamaliza kucheka: ngoma imetangulia kupanda mto hadi kwenu tangu mchana, na Kalonda hakukata hata neno moja.