Visu Tumboni mwa Trekta

Jumatatu, 14 Julai

Habari kubwa! Madam Maryanne, mwenye nyumba hizi za wageni hapa Diani, amepiga simu. Mpwa wake Gillian anaolewa Jumamosi, kwenye nyasi zetu. Mkuu wa bustani amestaafu. Nafasi yake itachukuliwa na mimi au Tembo, mwenzangu wa bustani, kulingana na nyasi zitakavyokuwa siku hiyo. Na nafasi inakuja na nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ua.

Vyumba viwili! Miaka sita mke wangu Concepta yuko Mackinnon Road na watoto, mimi niko Ukunda katika chumba ambacho nikinyoosha miguu lazima nifungue mlango. Nimechoka kuwa baba wa kwenye simu. Naitaka nyumba ile.

Tembo ameanza saa hiyo hiyo. Kwa fyekeo! Nimemhurumia. Mimi nina akili.

Nyuma ya stoo kuna trekta dogo jekundu la zamani, majani yamelifunika nusu. Injini bado inawaka. Ndani ya stoo kuna mashine ya kukata nyasi, bapa, visu vitatu, ile ya kufungwa tumboni mwa trekta, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Haikutengenezewa trekta hili. Kitu kidogo hicho.

Nimempigia Concepta. Nimemwambia kazi nimeshapata, apakie kitanda. Si uongo. Ni habari iliyotangulia.

Jumanne, 15 Julai

Nimemleta Abubakar, fundi wa kuchomelea. Amelizunguka trekta mara tatu, akauliza kama nina hakika na vipimo. Nimepima mara mbili! Kutoka tumboni hadi chini. Mashine ikifungwa itabaki vidole vinne juu ya ardhi. Akasema inshallah, akachomelea. Cheche! Nimesimama kando, mikono nyuma, kama injinia.

Tembo akaja kutusalimu. Salamu ndefu: za nyumbani, za watoto, za Mackinnon Road. Anapeleleza. Kisha akauliza, kwa upole wake ule unaoniudhi, kama si vyema tuyafyeke kwanza majani yaliyo chini ya trekta. Nikamjibu kila mtu na kazi yake.

Jumatano, 16 Julai

Balaa. Trekta lilikuwa juu ya mawe.

Mawe manne ya kujengea, yamewekwa chini ya ekseli miaka hiyo yote ili magurudumu yasioze. Majani yameyaficha. Nimepima tumbo la trekta lililopandishwa! Leo tumelishusha kwa jeki, likakaa juu ya mashine yake kama kuku anayeatamia. Nikaliwasha. Magurudumu yakazunguka hewani. Safari hakuna.

Abubakar akasema subhanallah. Akasema pia kwamba aliniuliza. Mafundi wa siku hizi hawana adabu.

Tembo amemaliza upande wa baharini.

Alhamisi, 17 Julai

Abubakar amekata vyuma, akachomelea upya. Mkanda tumeufunga kwenye puli ya injini. Nikapanda. Nyasi zikalala! Nikapita mara nne, kifua mbele. Nikageuka kutazama. Nyasi zinaamka moja moja.

Visu vinazunguka kinyume. Vinazipiga kwa mgongo. Asubuhi nzima nimekuwa nikizichana nyasi.

Tembo akasema zimependeza. Simwamini.

Concepta amepiga simu. Amepata lori la mbuzi, watatoka Jumamosi alfajiri. Kitanda kimefungwa kamba. Majirani amewaaga. Amewaaga wote!

Ijumaa, 18 Julai

Dawa ni kuuvusha mkanda, ujikate katikati kama tarakimu ya nane, visu vigeuke. Abubakar alikuwa anakwenda swala ya Ijumaa. Akaniomba sana nimsubiri, kwa kuwa upande mmoja wa mashine unashikiliwa na boliti moja tu. Nani ana muda? Nimeuvusha mwenyewe.

Vikakata! Hatua thelathini nilikuwa mfalme. Nikamwita Tembo aone. Nikampungia mkono. Hapo boliti ikachomoka, mashine ikainama, ikaanza kuchimba. Nikadhani ule mngurumo ndio kazi yenyewe. Nilipotazama nyuma, mtaro! Mpana, mrefu, umenyooka kutoka langoni hadi pale watakaposimama maharusi. Mchanga kila mahali. Bomba la kumwagilia limekatika mara tatu.

Nimekaa chini nikalia. Kidogo tu.

Jumamosi, 19 Julai

Concepta amefika saa tatu. Lori lilisimama Samburu kuongeza mbuzi. Ameshuka na watoto, na kitanda, akauliza nyumba yetu ni ipi. Nikamwonyesha mtaro. Nikamwambia yote. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alifunga leso kiunoni, akaenda kumwuliza Tembo fyekeo la pili liko wapi.

Tembo alikuwepo tangu alfajiri. Ameusawazisha mtaro, ameujaza mchanga mweupe, na wakati Concepta anafyeka yeye akapanga bogenvilia pande zote mbili. Saa kumi bibi harusi akapita juu yake, wageni wakapiga vigelegele. Madam akauliza njia hii nzuri ni wazo la nani. Nikainua mkono. Concepta akaushusha.

Kazi amepewa Tembo.

Nilitamani ardhi inimeze. Watoto walikuwa wamekaa juu ya kitanda, uani, wananitazama. Nikaanza kutafuta maneno ya kuwaambia kwamba tunarudi. Ndipo Tembo akamshukuru Madam, akasema yeye ana nyumba yake Kombani na hurudi kwa mamake kila jioni, basi, kama hapana neno, ile ya nyuma apewe mama huyu na watoto. Madam akasema sawa. Hivyo tu!

Kisha Tembo akanigeukia. "Kaka Absalom, ungeniuliza tu. Mimi nyumba ile sikuwa na haja nayo tangu mwanzo."

Nimewaza sana. Mtu huyu ana hila.

Jumapili, 20 Julai

Nimeamshwa na watoto wakigombana chumba cha pili. Chumba cha pili! Nimelala nikiwasikiliza, sikutaka wanyamaze.

Ukweli lazima usemwe: bila mtaro hakuna njia, bila njia Madam hafurahi, asipofurahi nyumba hatoi. Mpango wangu umefaulu. Concepta amesikiliza hoja hii hadi mwisho, akauchukua ufunguo wa trekta, akaufunga kwenye pindo la leso yake.

Si neno. Trekta ni zito mno kwa nyasi hizi. Jana sikuona vizuri, lakini kwenye lori Concepta alikuja pia na cherehani yake ya miguu. Kanyagio laini, gurudumu zito, na mkanda wake unageuka upande unaotakiwa! Kisu kimoja tu, na magurudumu mawili ya toroli, na Tembo atajua mimi ni nani.

Concepta amekwenda kanisani na watoto. Hawarudi kabla ya saa saba. Nimeshafungua skrubu nne.