Rimu Isilie, Trekta Iwe Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Mama ametangaza kustaafu. Si shamba, ni trekta. Amesema magoti yake yamegoma kukanyaga klachi, na yeye habishani na magoti. Ufunguo wa trekta, ule anaouvaa shingoni kwa kamba tangu Baba alipofariki, atamvisha mmoja wetu: mimi, kifungua mimba wake, au mdogo wangu wa kike, ambaye shamba zima linamwita Spana kwa sababu hata siku ya harusi yake alikuwa nayo kwenye mkoba.

Anayeshika ufunguo ndiye anayeshika shamba. Hilo hata kuku wanalijua.

Nilinyoosha shingo palepale mezani. Mama akaniambia niirudishe, hajamaliza. Mkaguzi wa ushirika wa maziwa anakuja Jumamosi, na siku hizi ushirika haununui maziwa kwenye shamba linaloumiza watu. Kwa hiyo ametugawia kazi. Mimi nimepewa zizi, ghala na mashine ya kukatia majani. Spana kapewa mahindi, karakana na unyunyiziaji wa dawa. Mwisho wa wiki ataona nani anajua kutunza watu, na huyo ndiye atakayeuvaa ufunguo.

Nimewaza sana huku nikitafuna. Mama atajuaje nani katunza watu? Jibu limening'inia nje ya zizi. Rimu!

Ni rimu ya lori kuukuu, na pembeni yake kuna kipande cha chuma cha kuigongea. Ilitundikwa mwaka ule Mjomba alipoacha kidole chake kwenye mashine ya majani. Alipiga kelele, lakini kwa mngurumo wa mashine hakuna aliyemsikia. Tangu hapo amri ya Mama ni moja. Ukiumia, hata kwa mwiba, gonga. Ukiona kitu kinachoweza kumuumiza mtu, gonga. Mashine zizimwe, watu wote waje, jambo litazamwe. Ukibisha anakwambia mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi hesabu ni nyepesi. Rimu ikilia, kuna balaa. Isipolia, kuna usalama. Kwangu haitalia hata mara moja. Nimeshachagua kofia ya kuendeshea trekta.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza na vifaa. Nimekusanya buti zote za mpira, glavu zote na barakoa zote, nikaziosha, nikazipanga kwenye kabati la ghala, nikafunga kwa kufuli. Mkaguzi akifungua azikute zinang'aa. Mjomba, ambaye ndiye mkamuaji wetu, kauliza yeye sasa ataingia zizini na nini. Nikamjibu ataingia na miguu, Mungu alimpa miwili. Alinitazama tu. Mjomba ni mtu wa maneno machache na vidole tisa.

Kwa vile buti zangu nazo zimo kabatini, niliingia zizini na ndala. Tuna ng'ombe mmoja mkubwa wa maziwa tunayemwita Hakimu kwa jinsi anavyomtazama mtu. Leo hakutazama. Alikanyaga. Kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto kimegeuka zambarau.

Nikaielekea rimu. Nikakumbuka trekta. Nikauma kofia mpaka machozi yakakauka yenyewe.

Mke wangu kauliza mbona nachechemea. Nimemwambia huku si kuchechemea, ni mwendo wa madaraka, najizoeza mapema.

Jioni rimu ikalia. Spana! Tukaja wote mbio, mimi nikija kwa mwendo wa madaraka. Kumbe ubao mmoja wa kukanyagia kwenye ngazi ya karakana una ufa. Hakuna aliyeanguka. Hakuna hata aliyepanda. Watu wazima tumesimama kuutazama ufa kama tumekuja kumwona mtoto mchanga. Spana akapigilia ubao mpya palepale. Nimecheka kimoyomoyo. Huyu atajimaliza mwenyewe, mimi sina haja ya kutia mkono.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya rangi. Kile kikinga cha bati kinachofunika visu vya mashine ya majani kilikuwa kimejaa kutu, aibu tupu. Nimekifungua, nimekipaka rangi ya manjano, nimekianika. Kinapendeza sana. Mjomba kakataa katakata kukata majani kwa mashine isiyo na kikinga. Nikamwambia ni kwa muda mfupi tu. Aliniinulia mkono wake, ule wenye nafasi. Basi akakata majani yote kwa panga, ng'ombe wakala wamechelewa, na Hakimu alinguruma mpaka majirani wakatuma salamu.

Nikirudi kutazama kama rangi imekauka, nilikanyaga meno ya reki. Mpini ukanyanyuka na kunipiga katikati ya paji la uso. Nilitaka kumkaripia aliyeiacha reki pale, nikakumbuka ni mimi. Sikugonga rimu. Mama kauliza nundu ni ya nini. Nimemwambia mbu. Mama kasema basi mbu huyo alikuwa na mpini.

Jambo jingine. Kopo la dawa ya magugu lilikuwa limechakaa na liliniharibia mpangilio wa ghala, kwa hiyo dawa yenyewe nilikuwa nimeimimina kwenye chupa safi ya soda na kuiweka dirishani. Mjomba anapenda soda. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye kizibo Spana alipopita, akamkamata mkono, kisha akaigonga rimu mpaka njiwa wakahama paa. Akauliza ni nani mwenye akili hizi. Nilitazama dari. Kusema kweli chai ya jioni niliiacha nusu. Ningemwambia nini Mama?

Lakini aliyegonga ni Spana. Hesabu ni yake.

Alhamisi, 6 Machi

Hatari. Mjomba kateleza zizini kwenye samadi, kwa sababu ya kukosa buti, anavyodai yeye. Kateguka kifundo cha mguu. Nilimwona anajikokota kuelekea kwenye rimu, nikamzunguka kwa nyuma ya banda, akanikuta nimeshasimama mbele yake na mikono nimeitandaza. Nikamwita mjomba wangu mpenzi. Nikamkumbusha alivyonibeba mgongoni nikiwa mdogo. Alisema hata wakati ule nilikuwa mzigo. Mwishowe tumeelewana: atanyamaza mpaka mkaguzi aondoke, na mimi nitamkamulia Hakimu kwa wiki mbili.

Mtu huyu si wa kuaminika. Nimeona nisitegemee midomo ya watu. Wakati wa mapumziko ya mchana nimeijaza rimu matambara kwa nyuma na kuyafunika kwa gunia, nikakaza kwa waya. Ukiitazama kwa mbele huoni kitu. Nikaigonga kujaribu. Tup. Kama unagonga boga. Nimejipongeza. Sasa hata aumie nani, upande wangu ni salama.

Spana leo kagonga mara moja tu, na hakuna aliyesikia. Ilibidi aje mbio mwenyewe kutuita, kisa waya wa umeme wa pampu umechubuka. Akasema rimu ina mafua. Nikamwambia labda ni unyevu.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Shingo haipindi.

Asubuhi watu wote walikwenda kuvuna mahindi. Mimi nilibaki kumalizia urembo. Karibu na rimu kuna ule ujia mwembamba wa mbao tunamomwingiza ng'ombe wakati wa chanjo. Mbele una mabomba mawili yanayombana shingo asitikisike. Niliona yana vumbi kwa ndani. Nikaingia na kitambaa, nikatoa kichwa upande wa pili ili nisugue vizuri. Komeo likaanguka.

Sikuumia. Nilikaa tu kama ng'ombe anayesubiri sindano. Nilivuta, nikasukuma, nikajaribu kuwa mwembamba. Nikaita. Huko mahindini mashine ya kupukuchulia inanguruma, hakuna anayenisikia. Nikapenyeza mkono mmoja katikati ya mbao, nikafikia kile chuma cha kugongea. Nikamshukuru Mungu kwa akili ya Mama. Nikagonga kwa nguvu zangu zote.

Tup.

Nikagonga tena. Tup. Nilifanya kazi nzuri sana na lile gunia.

Hapo niliogopa. Naandika wazi kwa sababu hakuna anayesoma: niliogopa kama mtoto. Nilimwita Mama. Akaja Hakimu. Alisimama mbele yangu, akanitazama, kisha akaanza kunilamba jasho kichwani, polepole, kama mtu asiye na haraka. Ulimi wa ng'ombe ni msasa. Sikujua.

Ndipo lango likafunguka. Nikaona viatu safi na mkoba. Mkaguzi! Siku moja kabla! Baadaye alisema huwa anafanya hivyo makusudi. Alinisalimu kwa adabu, akauliza msimamizi wa usalama wa upande huu ni nani. Nikamwambia ndiye mimi, karibu sana. Akajaribu komeo, likamshinda. Akauliza watu huitwaje hapa. Nikamuuliza habari za safari. Akaiona rimu mwenyewe, akagonga. Tup. Akaenda nyuma yake, akakaa huko kidogo, akarudi ameshika gunia na matambara. Kisha akagonga, na rimu ikalia, ikasikika mpaka mwisho wa shamba la mahindi.

Walikuja wote mbio. Mama ndiye aliyetangulia, na magoti yake hayo. Spana akalifungua komeo kwa spana. Nilipotoka tu, mambo yote yakatoka nami. Mjomba akaona mapatano yetu yamekwisha, akaonyesha kifundo chake. Mke wangu akaonyesha kidole changu. Mkaguzi akataka kuona buti, nikafungua kabati, zikang'aa, yeye akatazama miguu mitupu ya Mjomba. Akakishika kikinga cha mashine, na rangi ya mkono wa pili niliyopaka asubuhi ilikuwa haijakauka. Kaondoka na kiganja cha manjano.

Kabla hajaondoka alimuuliza Spana mbona anasikia upande wake ndio uliogongewa rimu kila siku. Spana akamwonyesha ngazi, kopo jipya la dawa lenye lebo na waya wa pampu uliofungwa upya. Mkaguzi akasema maziwa yataendelea kununuliwa, ila kikinga kirudi mahali pake leo hii na buti zirudi miguuni. Akampa Spana mkono. Ule msafi.

Jumamosi, 8 Machi

Mama kafungua kamba shingoni mbele ya wote na kumvisha Spana ufunguo. Mjomba alipiga makofi, na kwa vidole tisa anapiga vizuri kuliko wengi. Spana hakucheka wala kunikebehi. Hilo liliniuma zaidi. Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia.

Mama akanifuata. Alikaa juu ya debe, akakanda magoti. Akaniambia siku ile ya Mjomba yeye alikuwa hatua chache tu kutoka pale, anapepeta mahindi, anaimba. Mpaka leo hawezi kuimba akipepeta. Kwa hiyo rimu ikilia mara kumi kwa siku yeye hulala usingizi mzuri. Ikinyamaza, halali. Halafu akasema, "Jana ulikuwa unaniita, mwanangu, na sikukusikia. Usinifanyie hivyo tena."

Nilimshika mkono. Akanipa kazi mpya: mtunza rimu. Nizunguke shamba, nitafute hatari kabla haijamfikia mtu, nikiiona nigonge. Akaongeza kwamba ufunguo si kovu, unaweza kuhama shingo.

Nimelitafakari sana neno hilo la mwisho.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamka na akili mpya. Nilikosea hesabu tangu mwanzo, nilihesabu kinyumenyume. Ufunguo hapati anayenyamazisha rimu. Anapata anayeigonga mara nyingi! Spana alilijua hilo wiki nzima na hakuniambia. Ndugu gani huyu?

Nimegonga alfajiri kwa sababu jua lilinimulika machoni. Wote wakaja. Nimegonga kwa sababu jogoo amenitazama vibaya. Wakaja wengi. Nimegonga kwa sababu ya kivuli cha ngazi. Akaja Mama peke yake, akageuka akarudi. Mpaka mchana hatari zilikuwa zimeniishia, shamba lenyewe Spana amelirekebisha mno. Ikabidi nisaidie kidogo. Nimelegeza bawaba ya lango, nikaigundua, nikagonga. Nimelegeza mguu wa benchi la Mjomba, yeye akaugundua kabla yangu.

Ndipo likanijia wazo kubwa. Hatari ambayo hakuna mtu shambani aliyewahi kuifikiria: mnyororo unaoshikilia rimu yenyewe. Nikaulegeza kwa spana niliyoazima bila kusema. Nikarudi nyuma, nikaugundua, nikashtuka inavyotakiwa. Kisha nikashika chuma, nikaigonga rimu kwa nguvu zote kuwatangazia watu kwamba rimu imelegea.

Haikulia. Ilishuka, ikatua juu ya kidole gumba cha mguu wangu wa kulia. Tup.

Jioni mke wangu kauliza mbona leo nachechemea miguu yote miwili. Nimemwambia atazame vizuri. Jana nilikuwa nachechemea. Leo pande zote ziko sawa, na huo sasa ndio mwendo wa madaraka wenyewe.