Nimegeuza Jengo, Vyoo Navyo Vikageuka

Leo nimeumbuka mbele ya Shehe wangu. Na sitaki pole ya mtu humu. Pole zenu nazijua, zinakuja na vikatuni vya kucheka.

Mnajua nasoma uzamili wa usimamizi wa miradi. (Mnajua, maana sijaacha kuwaambia.) Tulipewa zoezi la kikundi: kiwanja cha kubuni pale Tibirinzi, mpange mradi wa fleti, kisha mje kumuuzia mnunuzi mbele ya darasa. Sisi tuko watatu. Faki anachora, Bi Time anapanga vifaa na ratiba, mimi kiongozi. Wananiita Ustadhi, kwa sababu Shehe wa msikiti wetu ameniahidi kwamba Ramadhani inayokuja nitamshikia tarawehe, nisalishe mimi badala yake. Mama keshautangazia mtaa mzima. Kanzu iko kwa fundi.

Wiki nzima nimewasimanga kikundi cha pili kwamba jengo lao halina chumba cha kusalia. "Nyinyi mnajenga wapi, Ulaya?" Letu lilikuwa nacho, chini kabisa, mihrabu ya imamu imekaa sawasawa kaskazini. Kwetu Pemba Kibla ni kaskazini, hata mtoto anajua. (Hilo la mtoto liwekeni akilini.)

Asubuhi, tukingoja kuingia, natazama mchoro kwenye kompyuta ya Faki. Jengo linatazama barabara. Barabara! Na bahari iko pale magharibi, ya bure!

"Faki, geuza jengo zima liangalie bahari."

"Yakhe, nkigeuza jengo, na vyumba vyote vyageuka."

"Vigeuke! Ntu hanunui barabara, anunua bahari."

Bi Time akasema, "Ustadhi, si tuutazame tena kwanza?" Nikamwambia, kwa heshima zote, yeye atazame saruji yake.

Faki akageuza. Sasa nawauliza: "vyumba vyageuka" ni onyo gani hilo? Kwani angekitaja chumba chenyewe angepungukiwa nini?

Tukaingia. Mhadhiri akatangaza kuwa mnunuzi wa leo ni mgeni mwalikwa. Mlango ukafunguliwa, akaingia Shehe wangu! Nikasema alhamdulillahi, hapa tumeshapita. Nikambusu mkono. Nikasifu bahari, nikasifu upepo, na nilipofika kwenye chumba cha kusalia nikapandisha sauti na kuwatupia jicho kikundi cha pili.

Shehe akasogea kwenye picha ya mchoro wetu ukutani. Akavaa miwani.

"Mashaallah. Kaskazini ni wapi hapa, ntoto wangu?"

Nikamwonesha mshale wa kaskazini, kwa mbwembwe.

"Na chumba hichi cha kusalia chaelekea wapi?"

Nikaufuata ukuta wa mihrabu kwa kidole. Kidole kikaenda baharini.

"Magharibi, Shehe."

"Haya. Na hichi hapa, kilichoelekea Kibla sawasawa, n'nini?"

Nikamtazama Faki. Faki anatazama dari. (Mnafiki mkubwa!)

"Ni... choo, Shehe."

"Cha fleti moja?"

"Zote."

Yaani jambo la mwanzo kabisa tulilofundishwa chuo cha Kurani, tukiwa bado tunavuja makamasi: chooni usielekee Kibla. Na mimi nimeelekeza jengo zima! Pa kusalia panatazama ngalawa, vyoo ndivyo vinavyotazama Makka.

Aliyeanza kucheka ni Bi Time. Mwenzangu wa kikundi! Kisha sauti ikatoka nyuma, kikundi cha pili, taratibu kabisa: "Ustadhi, nyinyi mnajenga wapi, Ulaya?" Darasa likaanguka. Mhadhiri akajifanya anaandika alama, mabega yanamtikisika. Mtu mzima yule!

Shehe peke yake hakucheka, na bora angecheka. Akavua miwani akaifuta.

"Jengo bado halijajengwa, lageuzika," akasema. "Lakini tarawehe ntasalisha mwenyewe. Weye kaa safu ya nyuma, uwatazame wenzio wanaelekea wapi."

Mama bado hajui. Fundi kapiga simu, kanzu iko tayari. Anayekaa mtaani kwetu, tafadhali acheke kimyakimya.

Mhadhiri ametupa nafasi ya kurudia. Sasa hivi Faki ananiuliza jengo aligeuzie upande gani. Nimemwambia amuulize Bi Time. Mimi niko safu ya nyuma.