Gunia la Mbaazi na Unga wa Misuli

Leo nimeadhirika uani kwangu mwenyewe, na bado nimefura. Naandika nimesimama hapa intaneti kafe Ruangwa. Nikikaa, sina uhakika wa kuinuka.

Mwanangu Yustina, anayeishi Dar, ameshikilia niache shamba la Chunyu nikaishi kwake, eti miguu yangu imekwisha. Nikakataa. (Nimestaafu, sijafa.) Basi, ili miguu ipate nguvu, akanipeleka kwanza kupimwa figo, daktari akaridhia nitumie dawa ya misuli, ndipo akaniletea kopo la kreatini, unga mweupe wa kusaidia misuli ya sisi wazee. Akaniagiza ninywe kijiko kidogo kila siku, na nifanye mazoezi ya kuchuchumaa na kuinuka. Kijiko nilikizingatia. Mazoezi niliyaona ya watoto wa shule. Nilikuwa nakunywa unga wangu, kisha najilaza mkekani kungoja misuli ije.

Leo asubuhi Yustina kafika kuniangalia. Shemeji yangu Hilari naye alikuwepo (huyu hakosi penye aibu ya mtu). Akasema, tena nasikia, kwamba mzee wa watu akapumzishwe mjini. Damu ikanichemka. Nikaenda kwenye gunia la mbaazi, nikachuchumaa, nikalikumbatia.

"Tazameni," nikasema.

Wakatazama. Gunia halikutikisika. Basi nikaliachia, niinuke zangu. Nami sikutikisika. Magoti yamegoma. Nikajifanya nakagua mbaazi kama zina wadudu. Nikakagua sana. Kuku akaja kudonoa karibu na vidole vyangu.

Yustina akauliza polepole, "Baba, mazoezi ulifanya?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba sihojiwi nyumbani kwangu. Nikajivuta kwa hasira, suruali ikapasuka nyuma, nikaanguka chali. Hilari akanishika kwapa moja, mwanangu la pili, wakaninyanyua kama mgonjwa. Mke wangu kajifunika kanga usoni, mabega yanamcheza. (Mwanamke niliyemwoa kanisani!)

Nilijua safari ya Dar imeshaiva. Yustina akanipangusa vumbi, akasema, "Utabaki Chunyu, Baba. Ila kila asubuhi utachuchumaa, Mama akikuhesabia. Huu unga haumsaidii mtu aliyelala."

Nimekubali, kwa kununa. Hilari ndiye sijamsamehe, maana nimefika hapa Ruangwa nikakuta habari imenitangulia.

Anayetaka kucheka, aje kwanza achuchumae na mimi, tumsikie kama atainuka bila kuguna.