Dhamiri Yangu na Mlango wa Bluu

Jumatatu, 2 Juni 2025
Leo nimesimama imara! Mama Agathe aliingia famasini kwangu, hapa Kitshanga, na ordonansi, karatasi ya dawa aliyoandikiwa na infirmiye Noël, muuguzi wetu: vidonge vya kuzuia mimba. Ninavyo, boksi mbili, Goma walinitumia kwa makosa. Nikakataa. Nikamweleza kwamba mimi ni shemasi na dhamiri yangu hairuhusu. Akasema ana watoto sita, na uzazi wa mwisho alipoteza damu karibu afe. Noël amemwonya kwamba mimba nyingine inaweza kumuua. Nikampa vitamini, bure kabisa. Akaziacha mezani. Shukrani hakuna!

Alhamisi, 5 Juni
Noël amekuja kunifokea mbele ya wateja. Eti Agathe ametembea siku tatu bila kupata dawa. Eti kama nakataa, angalau nimwelekeze inakopatikana. Na mimi najua! Yule Emérita aliyefungua famasi yake mwezi jana, nyuma ya soko la ng'ombe, anaviuza. Watu hawajamjua bado. Nimpelekee mpinzani wangu wateja kwa mkono wangu mwenyewe? Sikumtaja. Noël akaniambia, "Papa Gustave, dhamiri iko yako. Lakini damu itamwangika ni ya Agathe."
Maneno gani hayo kwa mtu wa Mungu? Nimekosa hamu ya chakula. Lakini mpango ninao. Nitammaliza Emérita kanisani, kwenye matangazo.

Jumapili, 8 Juni
Pentekoste. Kanisa limejaa hadi nje. Tangazo niliandika mwenyewe, bila kuacha kitu: akina mama wasithubutu kwenda kwa Emérita, nyuma ya soko la ng'ombe, mlango wa bluu, ambako vidonge vya kuzuia mimba vinatolewa kila siku, asubuhi mpaka jioni. Katibu akalisoma kwa Kiswahili. Akarudia kwa Kihunde. Akarudia tena kwa Kinyarwanda, kama kawaida yetu. Akina mama walisikiliza kuliko mahubiri! Mmoja akaomba rangi ya mlango itajwe tena. Agathe alikuwa mstari wa pili, akiitikia kwa kichwa polepole. Nimemgusa moyo.

Jumatatu, 9 Juni
Usaliti! Nimepita sokoni kushuhudia ushindi wangu. Foleni imefika mpaka kwa wauza jibini. Agathe alikuwa wa kwanza. Nyuma yake mke wa pasta. Nyuma ya mke wa pasta, Umwali, mke wangu! Nilimuuliza anafanya nini pale. Akajibu kwamba alisikia tangazo.
Kichwa kinapasuka. Presha imepanda. Vidonge vyangu vya presha vimekwisha, na pikipiki ya mzigo imekwama kwenye matope tangu Ijumaa.

Jumanne, 10 Juni
Dawa ya presha iko kwa Emérita peke yake. Nimekwenda, kofia imeshuka hadi machoni. Wote wamenitambua. Agathe akawaomba wenzake wanipishe kwa sababu mimi ni mgonjwa. Nikatoa ordonansi. Vipi kama anakataa? Mtu ana dawa rafuni, mgonjwa amesimama mbele yake, halafu amnyime? Huo ungekuwa unyama!
Emérita akaisoma taratibu. Nikamuuliza kama dhamiri yake inamruhusu kuniuzia, baada ya lile tangazo.
"Dhamiri yangu njo inaniambia nikupatie, Papa Gustave."
Akanipa. Akanikumbusha nisinywe na kahawa. Nilitaka kulia, nikajizuia kwa sababu ya foleni.

Jumamosi, 14 Juni
Presha imeshuka, nguvu zimerudi. Nimetafakari sana juu ya yote yaliyotokea, na sasa nimeliona kosa langu. Tangazo halikuwa wazi vya kutosha! Wanawake wale wameingia pale kwa kutojua. Nimeandika lingine la kesho, refu zaidi, na nimechora ramani ya kubandika mlangoni pa kanisa, kutoka barabara kubwa mpaka mlango wa bluu, ili asije mtu akapotelea pale kwa bahati mbaya.