Mwalimu wa Viti

Ilitangazwa kwa heshima na taadhima, mbele ya vipaza sauti vitatu ambavyo kimoja kilikuwa kikifanya kazi, kwamba Chuo cha Tiba kimefanikiwa kukomesha ufundishaji holela. Kuanzia siku hiyo hakuna daktari, hata awe amebobea kiasi gani, ambaye angeruhusiwa kumkaribia mwanafunzi kabla ya kuhitimu Ufadhili wa Ualimu wa Baada ya Uzamivu. Mwenyekiti wa Kamati ya Umahiri wa Ufundishaji, aliyesoma tangazo hilo akiwa ndani ya joho katikati ya joto la mchana, alifafanua kwamba mwanafunzi ni hazina ya taifa, na hazina haichezewi na kila apitaye. Wageni wakapiga makofi. Wanafunzi hawakupiga, kwa kuwa hawakualikwa. Kuwaalika kungekuwa ni kuwakaribia.

Miongoni mwa walimu wapya walioupata ufadhili huo alikuwamo daktari mmoja wa watoto wachanga, mwanamke mwenye sauti ya chini na shahada ya uzamivu kuhusu namna ya kumpumulisha kichanga aliyezaliwa asilie. Alikuwa ameshuhudia, katika chumba cha kujifungulia, daktari kijana akisimama na mtoto mikononi kama mtu aliyepewa mzigo asiojua ni wa nani, huku dakika ikipita. Dakika yenyewe ilikuwa moja tu, na ilipita. Ndiyo maana alitaka kufundisha. Alipopokea barua ya ufadhili alimbusu mama yake mashavu yote mawili, na mama mtu akawapigia simu ndugu wote, hata wale waliokuwa hawasemezani.

Kamati haikuwa na haraka. Baada ya miezi ya nadharia, Daktari alipandishwa hadi hatua iliyoitwa Ufundishaji wa Awali Usio na Madhara. Hatua hiyo ilifanyika katika ukumbi wa ghorofa ya pili, mbele ya viti vya plastiki vya rangi ya buluu, vilivyopangwa kwa safu na kufutwa vumbi. Vilikuwa vitupu. Wajumbe wa Kamati waliketi nyuma kabisa, wakitazama na kuandika. Daktari alivifundisha viti vile kwa moyo wake wote, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kufundisha. Tathmini ya kwanza ilisema amelimudu somo, isipokuwa viti vya upande wa kushoto havikushirikishwa ipasavyo. Tathmini ya pili ilimpongeza kwa nidhamu ya darasa.

Nyumbani aliishi na mdogo wake wa kiume, mwanafunzi wa tiba katika chuo hichohicho, ambaye kwa mujibu wa kanuni alipaswa kumwona dada yake mezani tu, si darasani.

"Dada, vipi leo? Viti vimeelewa?"

"Kimoja kimevunjika mguu."

"Maskini! Umekitibu, au unasubiri kibali?"

"Kula, wewe. Chakula kinapoa."

"Nakula. Ila siku ukivipa mtihani, niambie. Nataka kujua kama vinanishinda."

Akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka na kuanza kukizungusha kijiko ndani ya bakuli. "Jumatatu tunaingia chumba cha kujifungulia," alisema. "Kundi letu zima."

"Nani amewafundisha kutumia mfuko wa hewa?"

"Tumeonyeshwa picha."

"Picha ya namna ya kumpumulisha mtoto?"

"Picha ya mfuko." Akainua macho. "Dada, mtoto akitoka kimya, mimi nafanyaje?"

Daktari alikunja taulo likawa mtoto, akamwonyesha namna ya kumkausha, namna ya kukiweka kichwa kisiiname wala kisilazwe nyuma mno. Lakini taulo halina mapafu. Mkono haujui kama hewa imeingia mpaka uone kifua kikiinuka, na mwanasesere mwenye kifua cha kuinuka alikuwa amefungiwa kabatini chuoni, akingoja walimu waliohitimu. Na hata kama mdogo wake angejifunzia taulo, wenzake je?

Asubuhi Daktari alikwenda ofisini kwa Mwenyekiti, akaketi kwenye kochi lililomzamisha mpaka magoti yakawa juu ya kifua.

"Binti yangu," alisema Mwenyekiti, "haraka ya nini?"

"Mtoto asiyelia ana dakika moja tu, Mheshimiwa."

"Hilo ni suala la mtoto. Sisi tuna kalenda."

"Basi nipimwe mapema. Nihitimu, niwafundishe kabla ya Jumatatu."

Mwenyekiti alimweleza kwa upole unaomstahili mgonjwa. Mfadhiliwa hupimwa akiwa mbele ya wanafunzi waliosajiliwa. Wanafunzi waliosajiliwa hawafundishwi na mtu ambaye hajapimwa.

"Sasa tutahitimu vipi, Mheshimiwa?"

"Swali zuri. Limeshaulizwa na wenzako, na limewekwa kwenye kumbukumbu."

"Kwa hiyo tumekwama."

"Hamjakwama. Mko salama."

Huenda mazungumzo yangeishia hapo, lau Mwenyekiti asingekumbuka jambo zito. Jumatatu hiyohiyo Mgeni Rasmi, mkubwa kutoka wizarani, angekuja kuzindua Ripoti ya Mafanikio ya Ufadhili, na ukurasa wa kati wa ripoti ulikosa picha ya darasa lenye watu. Viti vilikuwa vimepigwa picha mara nyingi, lakini havikutoa taswira iliyokusudiwa. Mwenyekiti akasimama, akatazama dirishani kama anayeiona sanamu yake mwenyewe huko nje.

"Kamati itajisajili," alisema. "Sisi wenyewe tutakuwa wanafunzi. Uongozi ni kujitoa."

Ijumaa, mbele ya mpigapicha, Kamati nzima ilijisajili. Kazi hiyo ilifanywa na Msajili wa chuo, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia, aliyezisoma kanuni kama watu wengine wanavyosoma barua za mapenzi.

"Mwaka wa ngapi?" aliuliza.

"Wa kwanza," alisema Mwenyekiti, akigeukia kamera. "Andika tu, Mama Msajili. Unyenyekevu nao ni umahiri."

Akaandika, akagonga muhuri, akawapa vitambulisho. Kabati likafunguliwa, mwanasesere akatolewa, na Daktari akafundisha watu kwa mara ya kwanza. Aliwaonyesha namna ya kuifunika pua na mdomo kwa barakoa bila kuyagusa macho, namna ya kuubana mfuko kwa vidole na si kwa hasira, na namna ya kukitazama kifua. Kisha akawaita mmojammoja.

Wa kwanza alikuwa Mwenyekiti. Aliishika barakoa juu chini, akamziba mwanasesere macho, akakohoa kidogo.

"Awali ya yote," alisema, "niishukuru Kamati kwa kuniamini."

"Mfuko, Mheshimiwa. Bana mfuko."

"Naja huko. Pili, niseme bila kumung'unya maneno..."

"Hoja, Mwenyekiti!" Mjumbe wa Mipango alinyoosha mkono. "Huyu mtoto anapumulishwa chini ya fungu lipi?"

"Muda umekwisha," alisema Daktari.

"Sijamaliza utangulizi!"

"Mtoto amefariki."

Mjumbe wa Mipango alipendekeza wasimame kwa dakika moja kumkumbuka marehemu, dakika ambayo ilitunzwa kwa ukamilifu. Wajumbe waliofuata walimpoteza mtoto kwa mitindo mbalimbali; mmoja aliunda kamati ndogo ya kuushika mfuko, na kamati ndogo ikaahirishwa.

Daktari alipoketi kuandika matokeo, Mwenyekiti alimwinamia sikioni. "Andika tumefaulu, binti. Nawe utakuwa umefaulu. Muhula ujao unaanza kufundisha, kila mtu anakwenda nyumbani na raha zake."

Muhula ujao ulikuwa mbali, na Jumatatu ilikuwa Jumatatu. Daktari aliifikiria barua yake ya ufadhili, akamfikiria mama yake na zile simu alizopiga. Kisha akamfikiria mdogo wake akizungusha kijiko. Akaandika: wamefeli wote.

Mwenyekiti alicheka kwa ukarimu. "Vizuri sana, tumeuona msimamo wako. Sasa Kamati itaketi dakika mbili tu, kubatilisha matokeo na kusitisha ufadhili wako. Mnaoafiki..."

"Wanafunzi hawana kura," alisema Msajili kutoka mlangoni.

"Mama, mimi ni Mwenyekiti."

"Ulikuwa. Mwanafunzi haketi kwenye Kamati. Kifungu hicho mlikipitisha nyinyi, mlipowatoa viongozi wa wanafunzi."

"Basi tunajiondoa uanafunzi. Mara moja!"

"Kujiondoa kunahitaji idhini ya Kamati."

"Kamati ndiyo sisi!"

"Mlikuwa," alisema Msajili, akiifuta miwani kwa utulivu. "Uanafunzi wa somo hili unaisha kwa kufaulu. Marudio ni muhula ujao, isipokuwa mwalimu akiridhia mapema."

"Mwalimu gani? Huyu hajathibitishwa!"

"Ana wanafunzi waliosajiliwa. Ametoa matokeo. Wa kumpinga hayupo. Mimi kwa kanuni naona mwalimu."

Vichwa vyote vikamgeukia Daktari. Wajumbe ambao kwa mwaka mzima walimtazama kutoka nyuma ya ukumbi sasa walimtazama kutoka chini, kwa kuwa viti vile vya buluu vilikuwa vifupi.

"Naridhia," alisema. "Tutaanza kesho asubuhi. Ila kazi hii hujifunzwa kwa pamoja, mmoja ashike, mwingine atazame kifua. Nitawaletea wenzenu."

"Wenzetu gani?" aliuliza Mwenyekiti.

"Wanafunzi."

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mdogo wake Daktari alikuwa mbele kabisa. Mara ya kwanza kifua cha mwanasesere hakikuinuka. Mara ya pili akasahihisha kichwa, akabana, na kifua kikapanda taratibu. Wenzake wakapiga kelele kama wamefunga bao. Mpaka Jumapili jioni kundi zima lilikuwa limeweza. Wajumbe walikuwa bado. Mwenyekiti alikuwa akiandaa maelezo.

Jumatatu Mgeni Rasmi aliwasili, akakuta jukwaa, maua, vipaza sauti, na hakuna hata mtu mmoja wa kumkaribisha. Mlinzi wa getini akamwelekeza ghorofa ya pili, ambako wajumbe, majoho mwilini, walikuwa bado kwenye marudio. Alifika mlangoni wakati simu ya Daktari ikitoa mlio mfupi. Ulikuwa ujumbe wa mdogo wake kutoka chumba cha kujifungulia: *Kalitoka kimya, dada. Nimekapumulisha. Kamelia, wodi nzima imesikia.* Daktari aliusoma, akaurudia, akaitia simu mfukoni na kuyafuta macho kwa mkono wa koti jeupe.

"Mheshimiwa!" Mwenyekiti alimwita Mgeni Rasmi kwa sauti ya mtu anayezama. "Toa tamko! Tuokoe!"

Lakini Mgeni Rasmi alikuwa ameshaiona kamera, na alikuwa hajawahi kuona darasa lenye picha nzuri kiasi kile. Wakubwa wenye joho, foleni yenye adabu, mtoto mezani.

"Nami nijumuike kidogo," alisema, akitengeneza tai.

"Anayeingia darasani husajiliwa," alisema Msajili.

"Bila shaka," alisema Mgeni Rasmi, akatabasamu, akaomba kalamu.

Mwenyekiti aliugeukia mfuko, akaubana kwa mikono miwili, akanyoosha kidole kabla hajaulizwa.

"Mwalimu, naomba ionekane kwamba kwa ujumla wake mtoto ameonyesha nia ya kupumua."

"Kifua hakijainuka," alisema Daktari. "Rudia."